Taa Zikipepesa, Usiridhike na Breka Iliyotulia

Katika nyumba nyingi ninazoitwa hapa Mjini Unguja, maneno ya kwanza huwa haya: "Fundi, taa zinapepesa, lakini breka haijakata." Mwenye nyumba anaitaja breka kama ushahidi kwamba hakuna hatari. Natamani kila mtu ajue kwamba breka haina habari na waya uliolegea.

Breka hukata umeme unapopita mwingi kuliko kiwango chake. Waya uliolegea hauongezi umeme. Unauzuia kidogo pale unapogusana na skrubu, na kule kuzuiwa ndiko kunakozaa joto. Chukua jagi la kuchemshia maji la wati 2,200. Kwa umeme wetu wa volti 230, linavuta karibu ampea 10. Ukinzani (ndiko kule kuzuiwa, na hupimwa kwa omu) wa nusu omu tu ukiingia kwenye skrubu, joto linalozaliwa pale ni wati 50, sawa na chuma cha kuchomelea risasi kilichoachwa kinawaka ndani ya boksi la plastiki. Breka ya ampea 20 inaona ampea 10 zimepita, ikate kwa lipi? Hata ile yenye kitufe cha kujaribia haisaidii hapa, maana kazi yake ni kuchunga umeme unaovujia ardhini.

Bibi mmoja wa Malindi alikwishanunua taa mpya za ukumbini, na feni nayo akaibadilisha. Mjukuu wake alizoea kulipiga boksi la mainswichi kwa kiganja, taa zikarudi. Nilipozima na kufungua, waya wa nyutro, yaani ule unaorudisha umeme, ulichomoka kwa vidole viwili bila kuvutwa. Ganda lake limegeuka kahawia na kukauka, shaba imeota kutu ya kijani, na plastiki ya boksi imeanza kuvimba upande ule. "Mwanangu, mie nikidhani taa za siku hizi ndizo mbovu," akaniambia. Niliukata waya mpaka kwenye shaba safi, nikabadilisha na kile kipande kilichoungua. Kukaza tu kusingetosha, kwa sababu shaba iliyokwisha kuungua haishiki tena vizuri.

Kwetu visiwani chumvi ya bahari ina mkono wake katika haya. Boksi lililofungwa barazani, au kwenye ukuta wa mawe na chokaa unaoshika unyevu masika yote, huota kutu mapema. Lakini kazi mbaya ndiyo inayoniuma zaidi: nyaya mbili zimebanwa chini ya skrubu moja, skrubu imeuma ganda badala ya shaba, au alumini imeungwa na shaba kwa kusokotwa na kufungwa tepu.

Chumba kimoja kikipepesa, kosa mara nyingi liko kwenye soketi, swichi au breka ya chumba hicho. Nyumba nzima ikififia friji au pampu ya maji inapoanza, tazameni mainswichi na waya unaoingia kutoka kwenye mita. Jirani naye akilalamika, huenda kosa liko kwenye nguzo, na hapo wa kupigiwa simu ni Shirika la Umeme. Mita na lakiri zake usimwachie fundi wa mtaani aziguse. Taa zingine zikififia huku zingine zinawaka kwa ukali usio wa kawaida, zima mainswichi saa hiyo hiyo: nyutro imelegea au imekatika, na vyombo vinaweza kupata volti nyingi kuliko vinavyostahimili.

Tafadhali usifungue boksi mwenyewe. Hata ukizima mainswichi, nyaya zinazoingia kutoka kwenye mita bado zina umeme. Unachoweza kufanya ni kusikiliza kama linavuma, kunusa kama kuna harufu ya plastiki inayoungua, na kutazama kama limebadilika rangi. Fundi akija, mwambie apime kwa tesita kabla ya kugusa, kisha akaze skrubu zote, si ile moja tu uliyolalamikia. Akikushauri uweke breka kubwa zaidi au fyuzi nene, mkatalie, tafuta mwengine.

Na usiku ukiona moshi kwenye boksi, watoe watu nje kwanza. Zima mainswichi ikiwa unaifikia bila kugusa moto, piga simu zimamoto, na maji usimwage hata kidogo.