Maswali na Majibu: Kugawana Diski ya Wingu kwa Haki

Nimeziwekea programu mbili kikomo cha operesheni 500 kwa sekunde kila moja. Mbona moja bado inakwama?

Umehesabu maombi, hukuyapima. Programu inayosoma vipande vya kilobaiti 4 mara 500 huchukua karibu megabaiti 2 kwa sekunde. Programu ya chelezo (backup) inayosoma vipande vya megabaiti 1 mara hizo hizo huchukua megabaiti 500. Kikomo kimoja, mzigo mara 256! Weka na kikomo cha baiti. Na jamani, kikomo si dhamana. Jumla ya vikomo ikizidi uwezo wa diski, mnyonge ataendelea kukwama.

Diski yangu ya gp2 (aina ya diski ya wingu ya Amazon) ya gigabaiti 100 hukimbia nusu saa kisha inazama. Jirani ananiibia?

Hakuna mwizi. gp2 ya Amazon hutoa operesheni 3 kwa sekunde kwa kila gigabaiti, kwako 300, pamoja na akiba ya operesheni milioni 5.4 ya kukuwezesha kufika 3,000 kwa sekunde. Ukienda kwa 3,000, akiba hupungua 2,700 kila sekunde. Baada ya sekunde 2,000, yaani dakika 33, imekauka. Hamia gp3, aina mpya zaidi inayoanzia 3,000 bila akiba ya kuisha. Swali hili huletwa mno na watu ambao hawajapiga hesabu hii.

Nimebadilisha io.weight (uzito wa kila programu katika kugawana diski) kwenye Linux, hakuna tofauti.

Kwanza washa kidhibiti chake: andika "8:16 enable=1" kwenye faili ya io.cost.qos iliyo kwenye mzizi wa cgroup (mfumo wa Linux wa kupanga programu katika vikundi na kuzigawia rasilimali), ukiweka badala ya 8:16 namba ya diski yako inayoonyeshwa na amri ya lsblk. Kisha ipe hifadhidata uzito wa 400 na chelezo 100. Zikigombana zitagawana nne kwa moja. Moja ikitulia, nyingine hutumia diski yote. Kikomo hakikupi hilo, ndiyo maana uzito ni bora. Washa pia kidhibiti cha kumbukumbu pamoja na cha io (usomaji na uandishi wa diski), maana data nyingi huandikwa kwanza kwenye kumbukumbu, na bila hivyo kerneli (kiini cha Linux) haitajua maandishi ni ya nani.

Wastani wa kusubiri ni milisekunde 2. Mgao ni wa haki?

Wastani hausemi. Maombi 98 ya milisekunde 1 na mawili ya 51 yana wastani wa 2 kamili. Tazama asilimia ya 99 (muda ambao maombi 99 kati ya 100 hayauzidi), kwa kila programu peke yake. Moja ya yale mawili huenda ndilo linalofunga muamala, na kila kilicho nyuma yake kinalingoja.