Kabla ya Jackie Robinson alikuwepo Moses Fleetwood Walker

Wengi husema Jackie Robinson, aliyeingia mwaka 1947, ndiye Mweusi wa kwanza kucheza ligi kuu ya besiboli Marekani. Hapana ndugu, hakuwa wa kwanza. Mwaka 1884 alikuwepo Moses Fleetwood Walker, mdakaji wa timu ya Toledo, mzaliwa wa Ohio aliyesoma chuo cha Oberlin. Alicheza mechi 42 msimu ule.

Kazi yenyewe ilikuwa ya mateso. Mdakaji anachuchumaa nyuma ya mpigaji na kupokea kila mpira unaorushwa, na zama zile wengi walidaka kwa mikono mitupu au glavu nyembamba tu, vidole vikiteguka na kupasuka. Kwa Walker ilizidi. Mdakaji humpa mrushaji ishara ya mpira wa kurusha, ili yeye mdakaji ajue mpira gani unakuja. Tony Mullane, mrushaji wao nyota, baadaye alikiri mwenyewe kwamba Walker ndiye mdakaji bora aliyewahi kucheza naye, ila kwa kuwa Walker alikuwa Mweusi, yeye Mullane alipuuza ishara zake na kurusha alivyotaka. Hebu fikiria kudaka mpira wa kasi ile bila kujua utapindia wapi! Majeraha yakamwandama, na msimu haujaisha timu ikamwacha.

Akaendelea ligi za chini, akichezea timu za Newark kisha Syracuse, hadi 1889. Kufikia hapo wenye timu walikuwa wameshaanza kuwafungia Weusi mlango, bila sheria yoyote iliyoandikwa kwenye ligi kuu. Robinson aliufungua upya. Walker alishafariki tangu 1924.