Nimemwachisha kazi kwa kuchelewa, yeye anasema ni mimba: najiteteaje CMA (Tume ya Usuluhishi na Uamuzi)?

SWALI: Habari za kazi wakili. Nina hoteli ndogo hapa Dar, wafanyakazi kama 20 hivi. Dada wa mapokezi alikuwa anachelewa sana nikamwachisha, sasa kafungua kesi CMA anasema nimemfukuza kwa sababu ya ujauzito. Mimi nina mabinti wanne, siwezi kumfanyia mtu hivyo. Si yeye ndo anatakiwa athibitishe? Na kwenye usuluhishi lazima niende?

JIBU: Salama kaka, pole na msukosuko. Nianze na la mwisho maana ndo lina haraka. Nenda, au mtume mtu mwenye mamlaka ya kusema ndio au hapana, sio kijana wa HR ambaye kila kitu mpaka akupigie simu. Mlalamikiwa asipotokea, shauri linaweza kuendelea bila wewe kuwepo, na nimeona mtu anapigwa tuzo, yaani uamuzi wa kumlipa mfanyakazi, kwa sababu tu wito ulilala kwenye droo.

Halafu angalia tarehe. Mgogoro wa kuachishwa kazi unapelekwa CMA ndani ya siku 30, mingine siku 60, kwa hiyo shika barua uliyompa na fomu namba moja aliyojaza kufungua kesi, uhesabu. Kama kachelewa na hajaomba kuongezewa muda tunaweka pingamizi, ila usilalie hapo, akiwa na sababu ya msingi muda anaongezewa.

Sasa la nani athibitishe, hapa waajiri wengi wanajidanganya. Ni kweli yeye anaanza, lakini anachotakiwa kuonyesha ni kidogo, mfano alikuwa mjamzito, ulikuwa unajua, na muda mfupi baadaye kazi ikaisha. Akifika hapo kifungu cha 7 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinakutupia mzigo wewe, uthibitishe kwamba ubaguzi haukutokea au ulichofanya hakikutokana na mimba. Na mzigo wa kuthibitisha uhalali wa kumwachisha kazi ndo kabisa, huo uko juu ya mwajiri toka mwanzo. Kwa hiyo hao mabinti wanne usiwataje mbele ya mwamuzi, anayesikiliza kesi usuluhishi ukishindikana, yeye haulizi kama una roho nzuri, anauliza kwa nini huyu na kwa nini wakati ule.

Kwa nini huyu maana yake wengine waliochelewa uliwafanyaje. Kama kijana wa baa kachelewa mara kumi akaambulia onyo la mdomo na huyu mara sita akapewa barua ya kuondoka, nitakuwa na kazi ngumu. Niletee mahudhurio ya wote, sio yake peke yake, na barua zote za onyo. Onyo lake la kwanza likiwa na tarehe ya kabla hajakuambia ana mimba, na sahihi yake ipo, karatasi hiyo moja inanisaidia kuliko mashahidi watatu. Na alichelewa siku zipi? Ikionekana ni siku za kliniki, basi hiyo sababu yako inageuka kuwa ushahidi wake.

Kuna mteja aliniletea daftari la mahudhurio la miezi minne, limejazwa vizuri kweli, nafungua naona mwandiko mmoja, kalamu moja ya bluu, mpaka siku ambazo supavaiza anayesaini alikuwa likizo. Nikamrudishia nikamwambia hili mi silipeleki popote, kughushi ni jinai na mimi nina leseni yangu. Afu mwambie supavaiza wako asifute kitu kwenye simu. Kama alimwandikia "na hilo tumbo utasimama mapokezi kweli?" na kikatuni cha kucheka, yule dada ana screenshot tayari, bora niione kwako kuliko kuiona siku ya kusikilizwa.

Kingine hujasema kama ulifanya kikao cha nidhamu. Kanuni zinataka umpe muda wa kujiandaa, kwa kawaida usipungue saa 48, na mwenyekiti awe mtu ambaye hakuhusika na tukio. Hoteli za familia bosi ndo mlalamikaji, ndo shahidi, ndo mwenyekiti. Hapo unaweza kushinda ya ubaguzi ukapigwa kwenye utaratibu, ni hoja mbili tofauti. Sheria pia inataka mwajiri asajili kwa Kamishna wa Kazi mpango wa kuzuia ubaguzi, na mwamuzi anauzingatia. Najua huna, karibu kila anayekuja kwangu hana.

Kama karatasi zako ni dhaifu tuongee namba kwenye usuluhishi kabla haijafika kwa mwamuzi, yanayosemwa pale ni ya siri. Njoo na slipu ya mshahara wake na siku za likizo anazodai. Na cheti cha utumishi, karatasi inayoonyesha alifanya kazi kwako, kama hujampa, mpe wiki hii, hicho anapewa hata kama tunapambana naye.