Maziwa ya soya jikoni: maswali yenu ya chai, uji, mtindi na mapishi

Safari hii maswali yote ni ya wanaopika kwa maziwa ya soya badala ya maziwa ya ng'ombe. Kikombe tunachokitaja ni cha mililita 250.

Shikamooni. Nikitia maziwa ya soya kwenye chai ya tangawizi yanakatika, chenga nyeupe zinaelea juu. Yameharibika? (Tanga)

Marahaba. Hayajaharibika, na chai hiyo haina sumu, ni raha ya kuinywa tu inayopungua. Protini ya soya hushikana na kufanya mabonge ikikutana na joto kali pamoja na kitu kichachu au chenye ukakasi. Majani yaliyochemka mno yana ukakasi mwingi. Tangawizi mbichi nayo ina kimeng'enya kinachokata maziwa, ila kikichemka kinakufa.

Kwa hiyo kinachookoa chai ni mpangilio. Chemsha vikombe 2 vya maji na tangawizi iliyotwangwa na iliki kwa dakika 10. Tia kijiko 1 cha chai cha majani, acha dakika 2 au 3, epua, chuja. Sufuria nyingine pasha kikombe 1 cha maziwa ya soya mpaka yafuke mvuke, yasichemke. Chai ikitulia dakika moja, imimine ndani ya maziwa kidogo kidogo huku unakoroga. Maziwa baridi yakitupwa kwenye chai inayotokota ndipo chenga zinapozaliwa. Ukishachanganya usirudishe jikoni ichemke tena. Mchaichai hauna shida. Limau ndilo lisitiwe kabisa.

Kahawa ni kali zaidi kuliko chai. Chagua iliyokaangwa sana, maana uchachu wake ni mdogo, na fuata mpangilio huohuo.

Uji wa ulezi wenye ndimu je? (Mombasa)

Chagua kimoja. Ukitaka uchachu, pika uji kwa maji na ndimu, unywe bila soya. Ukitaka soya, acha ndimu; uji ukishaiva, punguza moto, tia maziwa, koroga dakika 2 uepue. Uji wa unga uliochachushwa unakata soya vilevile.

Nikitengeneza mwenyewe yananuka maharage mabichi, na wanaokunywa tumbo linawavuruga. Nakosea wapi? (Songea)

Hayo ni makosa mawili tofauti, na kila moja lina tiba yake.

Harufu inatokea soya inaposagwa na maji baridi. Punje ikipasuka, kimeng'enya kilichomo hukutana na mafuta yake na hewa, na harufu inatoka papo hapo. Ikishatoka, vanila haiiondoi, inaifunika tu. Dawa ni kukiua kimeng'enya hicho kwa joto kabla hakijapata nafasi.

Loweka kikombe 1 cha soya kavu katika vikombe 4 vya maji kwa saa 8 hadi 12. Penye joto kali badilisha maji mara moja katikati, la sivyo yataanza kuchacha. Fikicha, ondoa maganda yanayoelea. Chemsha lita 1 ya maji na nusu kijiko cha chai cha bekingi soda, tumbukiza soya dakika 5, mwaga maji hayo, suuza. Kisha saga kwa vikombe 6 vya maji ya moto, mafungu madogo madogo. Usijaze blenda kupita nusu, na kifuniko kishikilie kwa kitambaa, kwa sababu mvuke hukirusha. Chuja kwa kitambaa cha pamba, kamua mpaka machicha yabaki makavu mkononi.

Sasa habari ya tumbo. Soya mbichi ina vitu vinavyozuia mwili kusaga protini, na vinaondoka kwa kuchemshwa vya kutosha. Hapa povu linawadanganya wengi. Maziwa yakikaribia nyuzi 80 hivi, povu zito hupanda ghafla mpaka mdomoni mwa sufuria, mtu akadhani yamechemka, akaepua. Bado hayajachemka! Punguza moto, koroga povu lishuke, ngoja mpaka uone mapovu yanapasuka kutoka chini katikati ya sufuria. Kuanzia hapo hesabu dakika 15 hadi 20. Tumia sufuria pana yenye kitako kizito na ukwangue chini kwa mwiko, maana soya inaungua upesi na harufu ya kuungua haitoki. Utapata kama vikombe 5. Friji inayatunza siku 3.

Unga wa soya uliokaangwa nikiukoroga na maji moto ni maziwa hayo hayo? (Dodoma)

Hapana. Hicho ni kinywaji kizuri cha asubuhi, lakini unga unatuama chini na ladha yake ni ya kukaanga. Kwenye mkate au uji unafaa. Kwenye sosi nyeupe au mtindi haufai.

Mtindi wa soya unawezekana? (Kigoma)

Unawezekana, na unaganda vizuri, mradi maziwa yawe mazito: tumia vikombe 5 vya maji kusagia badala ya 6. Bakteria wa mtindi wamezoea sukari ya maziwa ya ng'ombe, ambayo soya haina. Kwa hiyo lita 1 ya maziwa iongezee kijiko 1 cha chakula cha sukari. Chemsha, poza mpaka nyuzi 43 hivi, yaani kidole safi kivumilie humo ukihesabu polepole mpaka kumi. Koroga ndani vijiko 2 vya chakula vya mtindi wenye bakteria hai, usio na ladha, funika, viringisha blanketi, usiuguse kwa saa 6 hadi 10. Ukitikisa kila saa kuchungulia, utajitenga maji. Mwenye mzio wa maziwa asianzishie mtindi wa ng'ombe. Atafute mbegu ya mtindi isiyo na maziwa.

Kwenye maandazi, keki na mchuzi nabadilisha vipimo? (Nairobi)

Kikombe kwa kikombe. Pakiti iwe isiyo na sukari wala vanila, hasa kwa vyakula vya chumvi, na itikise vizuri kabla ya kumimina kwa sababu kalsiamu iliyoongezwa hulala chini. Keki inayotaka maziwa mgando, tia kijiko 1 cha chakula cha siki kwenye kikombe cha soya, ngoja dakika 10. Hapo kukatika ndiko tunakokutaka. Kastadi ya wanga wa mahindi (kornflawa) inashika sawasawa, lakini pudini za pakiti zinazogandishwa bila kupikwa mara nyingi zinabaki maji. Mchuzi wenye nyanya, soya iingie mwisho, moto mdogo. Na pale mapishi yanapotaka tui, tia tui. Mahamri ya soya yanaiva, ila si mahamri yale.

Mwanangu ana miezi 7, maziwa ya ng'ombe yanamharisha. Nimpe ya soya? (Morogoro)

Usimpe, mama, si ya nyumbani wala ya pakiti ya kawaida. Chini ya mwaka 1 endelea kunyonyesha, na mpeleke kliniki aangaliwe. Maziwa maalumu ya watoto yenye soya ni kitu kingine, na mtaalamu ndiye anayeyaandika. Hata kwa wakubwa, soya ya nyumbani ina kalsiamu kidogo, kama miligramu 25 kwa mililita 100, ya ng'ombe karibu 120. Dagaa wanaoliwa na mifupa na sukuma wiki vinasaidia kuziba pengo hilo.

Machicha nitupe? (Zanzibar)

Usitupe. Yalichujwa kabla ya kuchemka, kwa hiyo bado ni mabichi: yapike na maji kidogo dakika 20. Kisha changanya kwenye katlesi au unga wa chapati, sehemu 1 kwa 3 za unga, na upunguze maji ya kukandia. Yanachacha upesi, yasilale nje ya friji.