Kurekebisha katiba ya chama cha kufaana: anzeni na daftari la wanachama

Mleta mada, nimekuelewa hivi: chama chenu cha kufaana kilisajiliwa miaka mingi nyuma, katiba iliyobaki ni nakala ya nakala, nusu ya wanachama wako Ghuba au hawajulikani walipo, na mwenyekiti anataka wakili aandike katiba mpya, itumwe kwenye grupu la WhatsApp, watu waweke dole gumba, yaishe. Unauliza kama inafaa. Haifai. Nimekuwa katibu wa chama kama hicho hapa Mombasa na zoezi zima limepita mikononi mwangu, kwa hiyo niwie radhi kwa urefu. Naongelea Kenya. Walioko Tanzania wana Sheria yao ya Jumuiya na msajili wao yuko Wizara ya Mambo ya Ndani ya Nchi, msichanganye.

Sheria ya Vyama, Sura ya 108, iko wazi katika hili: chama kilichosajiliwa hakibadilishi jina, katiba wala kanuni zake bila kwanza kupata idhini ya maandishi ya Msajili wa Vyama. Ombi linaandikwa na kutiwa saini na viongozi watatu. Kwa hiyo hata mkutano ukipiga kura na vigelegele juu, mlicho nacho mkononi bado ni pendekezo. Katiba ya zamani inaendelea kutawala mpaka barua ya Msajili itoke, na hiyo hiyo ya zamani ndiyo inayosema nani aitishe mkutano, kwa notisi ya siku ngapi, akidi (idadi ya chini ya wahudhuriaji ili mkutano uwe halali) ni watu wangapi na kura ziwe ngapi. Hamwezi kutumia masharti ya rasimu kupitishia rasimu.

Basi itafuteni katiba yenyewe kwanza. Hiyo ya kabatini kwa mwenyekiti msiitegemee. Kwetu zilikuwa zinazunguka nakala zisizofanana: moja haina ukurasa wa mwisho, nyingine mtu amekata kiwango cha ada kwa kalamu ya buluu na kuandika kingine juu yake, bila saini wala tarehe. Tukaomba nakala iliyothibitishwa kutoka kwenye faili la Msajili, na kile kiwango cha kalamu ya buluu hakikuwamo. Watu walikuwa wamegombana kwa miaka juu ya kitu ambacho hakikuwahi kusajiliwa.

Vyama vingi vya zamani vilinakili katiba ya mfano iliyokuwa ikitoka ofisi ya Msajili, kwa hiyo kuna uwezekano mkubwa yenu inasema hivi: marekebisho yapite kwa theluthi mbili kwenye mkutano mkuu, notisi iwe ya maandishi kwa kila mwanachama, na mwanachama akipitisha zaidi ya miezi sita bila kulipa ada, anakoma kuwa mwanachama na jina lake linafutwa daftarini, ila kamati inaweza kumrudisha akilipa malimbikizo yote. Hicho cha mwisho kisomeni polepole, maana hapo ndipo kazi ilipo.

Watu hudhani ugumu uko kwenye kuandika vifungu. Ugumu uko kwenye akidi. Kama katiba inataka theluthi moja ya wanachama wahudhurie, theluthi ya nani? Daftari letu lilikuwa na majina ya marehemu, ya waliohamia Nairobi na kusahau, ya mtu aliyejiunga mara mbili kwa majina mawili. Ukihesabu hayo yote, ukumbi hautatosheleza akidi hata mkichinja ng'ombe. Ukiyafuta kimya kimya usiku wa kuamkia mkutano, siku ya pili utaambiwa umesafisha daftari ili kundi lako lishinde. Na kukitokea mvutano mpaka Msajili asijue viongozi halali ni akina nani, sheria inamruhusu kukiamuru chama kilete ndani ya mwezi mmoja ushahidi kwamba mgogoro umekwisha au umepelekwa mahali pa kusuluhishwa. Msipotimiza, usajili wenyewe uko hatarini.

Sisi tulifanya hivi. Mweka hazina na mimi tulikaa na vitabu vya risiti, tukapitia jina kwa jina. Tukatoa orodha ya wote wenye malimbikizo, tukaibandika ofisini na kuituma kwa simu, tukawaandikia wahusika barua na kuwapa muda wa kulipa au kujieleza ambao katiba haikutulazimisha kuutoa. Barua za mkono tulizipeleka na daftari la kupokelea: jina, tarehe, saini. Asiyejua kuandika aliweka kidole. Hilo daftari ndilo lililotusaidia baadaye mzee mmoja aliposimama kudai hakuna aliyemtaarifu, kumbe sahihi ya mwanawe ilikuwa pale na yeye mwenyewe akaitambua. Baada ya muda kwisha, kamati ikakaa, ikafuta majina, na uamuzi ukaingia kwenye kumbukumbu za kikao pamoja na sababu ya kila jina.

Halafu likaja jambo ambalo hamtaliona mapema. Walio Doha na Jeddah waliposikia wanafutwa, walituma pesa kwa M-Pesa kupitia ndugu zao, wakalipa malimbikizo yote, wakarudi daftarini. Vizuri kwa hazina. Lakini kila aliyerudi alipandisha hesabu ya akidi, na yeye mwenyewe hawezi kuwa ukumbini. Katiba yetu ilikuwa kimya kuhusu kupiga kura kwa niaba ya mwingine, na kuhusu mkutano wa mtandaoni ndiyo kabisa, iliandikwa kabla ya hayo yote. Wapo waliosema kimya ni ruhusa. Mimi sikukubali, kwa sababu pingamizi moja tu lingeangusha kazi nzima. Tukachagua tarehe ya likizo za Desemba wakati wengi wa bara na baadhi ya walio nje wako nyumbani, na akidi ikatimia bila hila. Ndani ya rasimu sasa ndimo tulimoweka kifungu cha mwanachama aliye nje ya nchi: analipa, anafaidika, anaruhusiwa kuhudhuria kwa mtandao, na asipoingia mkutanoni hahesabiwi kwenye akidi. Bila kifungu cha aina hii, miaka mitano ijayo mtarudi pale pale.

Theluthi mbili nayo iangalieni maneno yake. Kuna katiba zinazosema theluthi mbili ya waliohudhuria, na kuna zinazosema theluthi mbili ya wanachama mkutanoni, sentensi ambayo mawakili wawili wataisoma kwa namna mbili. Kama yenu ina utata, lengeni hesabu iliyo ngumu zaidi, kisha kwenye rasimu mpya mwandike bila utata.

Grupu la WhatsApp litumieni kujadili. Lina faida, watu wanasema humo yale ambayo ukumbini wangeyameza. Kupigia kura, hapana. Simu moja kwa watu wengine hutumiwa na nyumba nzima, na ujumbe unafutika.

Kuhusu wakili, mpelekeeni rasimu iliyokwisha bishaniwa, msimpelekee karatasi tupu. Ukimwachia aanze yeye, atakuletea katiba ya kampuni yenye bodi ya wakurugenzi, na mama zetu wa Likoni hawatajua nani ndiye mweka hazina. Kamati ndogo ya watu watano au sita inatosha, iwemo na angalau mtu mmoja anayewapinga. Tengenezeni jedwali: kifungu cha zamani, kinachopendekezwa, sababu. Ile safu ya sababu ndiyo watu huisoma. Na mpige kura kifungu kwa kifungu pale penye ubishi, yaliyobaki kwa pamoja.

Kwetu ubishi mkubwa haukuwa uongozi. Ulikuwa msiba. Katiba ya zamani ilisema chama kitatoa mkono wa pole mwanachama akifiwa na "mzazi, mke, mume au mtoto". Mama mmoja akauliza: mama mkwe aliyenilelea watoto wangu wote wakati nikiuza samaki, akifa mtaniambia si mzazi? Ukumbi ukampigia makofi. Mweka hazina akasimama na hesabu yake: tukiongeza wakwe, idadi ya misiba inayolipwa inakaribia mara mbili, na ada haijapanda. Kabla hajakaa, mzee mwenye wake wawili akauliza wakwe zake ni wangapi kwa mujibu wa chama. Watu wakacheka, lakini swali lilikuwa halali, kwani mwenye mke mmoja angekuwa anamlipia mwenye wawili. Kuna aliyelelewa na shangazi, kuna mwenye mtoto wa kulea. Ukijaribu kuwataja wote kwa cheo cha ukoo utaandika kurasa tatu na bado utamwacha mtu.

Tulichokubaliana ni kuachana na vyeo. Kila mwanachama anajaza fomu yenye nafasi zinazolingana kwa wote, anaandika majina ya watu anaotaka chama kimfae wakiondoka, awe mkwe, shangazi au yeyote. Fomu inabadilishwa mara moja kwa mwaka kwenye mkutano mkuu, na jina jipya linasubiri kabla halijaanza kulipiwa, ili mtu asimwandike aliye kitandani mahututi. Wenye wake wengi waliguna, lakini walipiga kura ya ndiyo. Idadi ya nafasi na viwango vya pesa tuliviondoa kwenye katiba, tukasema vitapangwa na mkutano mkuu kila mwaka. Huo ndio ushauri ninaousisitiza: tarakimu ya shilingi ikiingia kwenye katiba, kila mfumuko wa bei utawarudisha kwa Msajili.

Wapo watakaotaka kuongeza kifungu cha kugawana akiba mwisho wa mwaka. Waambieni mapema kwamba sheria yenyewe inataka katiba ya chama ikataze kugawa fedha za chama kwa wanachama. Mkono wa pole kwa utaratibu uliopitishwa ni sawa, gawio si sawa. Wanaotaka hisa na mikopo wafungue ushirika wao pembeni.

Ukomo wa vipindi vya uongozi utapita kirahisi, kila mtu anaupenda. Ila andikeni kama vipindi vilivyokwisha tumikiwa vinahesabiwa au hesabu inaanza upya, maana mkikaa kimya mwenyekiti wenu atasoma kwa faida yake. Wadhamini wa mali, ile katiba ya mfano inataka wasiopungua watatu, hakikisheni bado wako hai na majina yaliyo kwenye hati ya kiwanja ni yao. Mkaguzi wa hesabu asiwe kiongozi wala mjumbe wa kamati. Kifungu cha kuvunja chama msikiguse kama kinaeleweka.

Baada ya kura, kumbukumbu ziandikwe wiki hiyo hiyo, orodha ya waliohudhuria iwe na saini zao, na ombi kwa Msajili liende na nakala safi ya katiba yote mpya, si kipande cha marekebisho tu. Kama mkutano huo huo umechagua viongozi wapya, taarifa ya mabadiliko hayo ina muda wake: siku 14, nayo itiwe saini na viongozi watatu. Mambo hayo mawili msiyafungie kwenye bahasha moja na kuyasahau. Benki pia haitabadilisha watia saini wa akaunti kwa maneno ya mdomo, itataka karatasi za Msajili, kwa hiyo waliotoka madarakani wakubaliane kuendelea kusaini hundi mpaka hapo.

Na waambieni watu ukumbini, kwa sauti, kwamba kati ya kura na barua ya idhini mambo yanakwenda kwa katiba ya zamani. Kwetu mama mkwe wa mwanachama alifariki katika kipindi hicho hicho. Familia ilikuja na fomu mpya ikiwa imejazwa. Mweka hazina alikataa kugusa hazina ya chama, na alikuwa sahihi, ikabidi tupitishe kopo la mchango wa hiari.

Ukishapata nakala ya Msajili, niwekee hapa kifungu cha akidi, cha malimbikizo na cha marekebisho kama vilivyo, neno kwa neno. Nitakuambia mnahitaji watu wangapi ukumbini.