Pikipiki ya porini kuingia barabarani Arizona: anza na karatasi

Nilinunua Honda XR400R nikiwa mgeni Phoenix, jijini Arizona. Ni pikipiki ya porini, haina honi, saitimira wala taa ya breki. Wiki hiyohiyo nikaagiza vifaa nikavifunga vyote. Siku ya ukaguzi wa kuisajili itembee barabarani, mkaguzi alipiga magoti, akafuta tope kwenye shingo ya fremu, akaisoma namba ya chesisi taratibu. Kwenye mkataba wangu wa mauziano paliandikwa herufi O. Kwenye chuma ni sifuri. Namba hizo za alama 17 hazitumii kabisa herufi I, O wala Q. Nikarudishwa kumtafuta muuzaji, naye alishahama mji.

Kwa hiyo, ndugu yangu, kabla hujatoa hela nenda na tochi na kitambaa, soma fremu huku umeshika hati ya umiliki, ile ambayo nyumbani tunaiita kadi. Arizona inataka sahihi ya muuzaji kwenye hati ya karatasi ishuhudiwe na mthibitishaji wa nyaraka (notary) au ofisa wa usajili. Nendeni pamoja siku ya kulipana. Akisema hati itafuata, mwachie pikipiki yake.

Vifaa havina shida: taa ya mbele, taa nyekundu ya nyuma, ya breki, ya kumulika pleti namba, kioo, honi ya kusikika futi 200, yaani kama mita 60, na ekzosi isiyopiga kelele.

Kazi iko kwenye umeme. XR400R haina betri, na koili yake ya chaji, ile inayozalisha umeme, ni dhaifu. Mimi nilipokuwa nakanyaga breki injini ikinguruma taratibu bila kupewa mafuta, taa ya mbele ilififia kama kibatari kinachoishiwa mafuta. Nilipeleka koili ikasukwa upya, nikaweka regyuleta ya kudhibiti umeme na betri ndogo, na taa zote nikabadilisha kuwa za LED. Ningeanza na hilo, nisingenunua taa mara mbili. Tairi nazo chagua zenye alama ya DOT ubavuni, yaani za kutumika barabarani Marekani, na bima ukate kabla ya kutia gurudumu lami.

Wa California msinifuate kwenye hili. Huko pikipiki ambayo kiwandani haikubandikwa lebo ya viwango vya moshi vya barabarani hukataliwa, hata uifunge taa kumi. Tafuteni iliyotoka kiwandani na ruhusa ya barabara.