Chatu aliyekuwa mpole sasa anarusha kichwa

Ndugu yangu wa Kisauni, umeeleza kwamba chatu wako mdogo, wa ile jamii ya Afrika Magharibi, uliyemzoea kwa miaka miwili, amekataa chakula kwa wiki mbili na sasa hurusha kichwa kila unapotia mkono sandukuni. Mtazame macho kwanza. Yakiwa na ukungu wa kibuluu na ngozi imefifia, basi anakaribia kujivua gamba. Katika siku hizo haoni vizuri, na kila kivuli kinachompitia juu hukidhania adui. Usimshike wala usimlazimishe kula, bali mwekee bakuli la maji analoweza kujilaza ndani, kisha umwache mpaka gamba litoke zima, pamoja na vile vifuniko vya macho.

Kama macho ni maangavu, kagua joto la sanduku kwa kipimajoto, wala usitegemee mkono wako: upande wa moto uwe kama nyuzi 31 na wa baridi kama 26. Joto la Mombasa hutudanganya, kwa maana feni au kiyoyozi cha usiku kinaweza kulipoza sanduku bila wewe kujua. Nawa mikono pia, kwani ukinuka panya utaumwa kwa kudhaniwa mlo.

Akihema kwa kinywa wazi, akitoa povu au kamasi, usingoje gamba. Mpeleke kwa daktari wa wanyama siku hiyo hiyo.